Vidonge vya Rangi Mbili

Daktari aliibandika picha kwenye kioo chenye taa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha, lakini palikuwa na kivuli cheupe tu, umbo lake kama mfuko wa shati, kimekaa peke yake katikati ya giza.

"Hiki ni kizazi chako, Lidwina," alisema. "Chenyewe hakina tatizo. Sasa huku na huku ilitakiwa tuone mirija miwili, myembamba kama uzi. Ile dawa tuliyokuwekea ingepita humo ikamwagikia nje. Unaona uzi wowote?"

"Sioni."

"Hata mimi sioni. Imeziba yote miwili."

Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimefika hospitali ya misheni Peramiho tangu asubuhi na mapema, na tumbo lilikuwa bado linanikata kwa kile kipimo. Nikamuuliza swali nililotembea nalo miaka miwili.

"Ni vile vidonge vya majira nilivyokuwa nameza nilipoolewa?"

"Ulimeza muda gani?"

"Miaka miwili. Tulikubaliana na mume wangu, kwa sababu nilikuwa sijamaliza chuo cha ushonaji. Nikaacha mwaka tisini na tano, mwezi wa sita."

"Basi havihusiki. Ukiviacha, mwili unarudi kwenye mzunguko wake. Vidonge vya majira havizibi mirija, mama. Hili ni kovu, na kovu limetokana na ugonjwa." Akazima ile taa, akavuta kiti karibu yangu. "Hebu kumbuka. Uliwahi kuumwa tumbo la chini, ukapata homa kali, ukatokwa na uchafu usio wa kawaida?"

Sikuwa na kazi ya kukumbuka. Ilikuwa Julai ya mwaka huohuo tisini na tano, wiki ya pili tangu mume wangu Valence arudi kutoka machimbo ya vito kule Tunduru. Nililala kitandani siku tisa. Tumbo lilikuwa kama linachanwa kwa mkasi, mwili unatetemeka kwa baridi huku shuka zimelowa jasho. Na Valence hakuniacha peke yangu hata siku moja. Alinipikia uji, akaninywesha kwa kijiko. Alinipangusa uso. Aliniogesha kama mtoto. Jirani zangu wa mtaa wa Bombambili walipopita kunijulia hali walisema nimepata mume, na mimi kwa zile siku tisa nilimpenda kuliko siku ile tuliyosimama mbele ya padri.

"Niliumwa," nikamwambia daktari.

"Ulitibiwa wapi?"

"Nyumbani. Mume wangu alisema ni malaria, akaninunulia dawa za malaria."

"Na yeye? Katika siku hizo yeye alimeza dawa yoyote?"

Hapo ndipo nilipoviona tena, juu ya rafu, nyuma ya kopo la mafuta ya nywele: vidonge vya rangi mbili, upande mwekundu, upande wa njano, vimefungwa kwenye karatasi. Nilimuuliza siku ile ni vya nini. Akasema jino linamsumbua.

Daktari aliusoma uso wangu, hakunilazimisha kujibu.

"Kaongee naye," alisema. "Kisha mje wote wawili, siyo wewe peke yako. Upasuaji wa kujaribu kufungua upo Dar es Salaam, lakini matumaini ni madogo. Sitakudanganya."

*

Niliposhuka kwenye gari la Peramiho sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine.

Mashine ile ya kusaga ilitokana na mawe ya Tunduru. Valence alikwenda na shoka na chepe, akakaa miezi sita, akarudi na bahati ambayo wenzake wengi hawakuipata. Kila mtu alikuwa anaanzisha biashara yake miaka ile. Yeye alinunua mashine akaifunga Bombambili, karibu na soko, na tangu siku ya kwanza haikukosa foleni. Mimi nilikuwa na cherehani langu barazani. Tangu mitumba ijae mjini hapakuwa na mtu wa kushonesha gauni jipya, ila waliniletea makoti na suruali za Ulaya niwapunguzie. Tulikuwa tunaishi vizuri. Kilichokosekana kilijulikana mtaa mzima. Wanawake wa rika langu wote waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane na bado niliitwa Lidwina.

Nilimkuta amesimama kwenye mdomo wa mashine, anamimina mahindi. Unga ulikuwa umemtapakaa mpaka kwenye kope. Nilizipenda sana kope zile zikiwa nyeupe, zilimfanya aonekane mzee mpole. Aliponiona akatabasamu. Nilipita mbele yake nikavuta mpini wa kuzimia injini.

Kelele zikafa. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye madebe wakageuka wote.

"Lidwina, mahindi yangu yamekwama humo," alisema Sharifa, jirani yangu.

"Nisamehe, dada Sharifa. Nendeni nje mkaote jua kidogo. Nina neno na mume wangu."

Sharifa aliniangalia, akainuka bila kuuliza tena, akawaswaga wenzake nje. Nikafunga mlango wa bati.

"Kuna nini?" Valence aliuliza. "Mbona umerudi mapema? Wamesemaje?"

"Zile rangi mbili zilikuwa za nini?"

"Rangi mbili gani?"

"Mwaka juzi, mwezi wa saba. Ulizificha nyuma ya kopo la mafuta. Ulikuwa unatibu nini?"

"Aah. Jino. Si nilikwambia ni jino?"

"Lipi?"

"Lidwina, nani anakumbuka jino la mwaka juzi?"

"Fungua mdomo unionyeshe."

Alicheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta pa kupitia. Aliponiona sicheki akanyamaza. Nikamwambia yote niliyoambiwa Peramiho: kivuli cheupe, mirija iliyoziba, kovu. Nilimwambia taratibu, kama ninavyomweleza mteja kwamba kitambaa chake hakitoshi. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kushuka, mpaka akawa amekaa juu ya gunia la pumba, mikono katikati ya magoti.

"Ilikuwa siku tuliyopata lile jiwe kubwa," alisema mwishowe. "Tulikunywa. Wote tulikunywa. Palikuwa na mwanamke mmoja anauza chakula..."

"Sikukuuliza habari za mwanamke."

"Ilikuwa mara moja, Lidwina. Naapa."

"Ingekuwa mara mia ningekuuliza hilihili. Nataka habari za dawa. Ulizipata wapi?"

"Hapa mjini. Siku ya tano tangu nirudi nilianza kuungua nikienda haja ndogo. Nikaenda kwa muuza dawa mmoja."

"Siku ya tano. Na tulikuwa tumeshalala pamoja tangu siku ya kwanza."

Akaitikia kwa kichwa.

"Muuza dawa alikwambia nini?"

Hapo alisita. Nimeishi naye, najua akisita kwa kusahau na akisita kwa kuficha.

"Valence. Alikwambia nini?"

"Alinipa mafungu mawili."

Sikumwelewa mara moja. Nilisimama pale nikiangalia midomo yake.

"Akasema hili lako, hili la mkeo. Kila mmoja ameze siku saba. Akasema nisipokupa utakuja kuumia zaidi yangu, maana ugonjwa huu wanawake huwaingia ndani."

"Fungu langu liko wapi?"

"Lidwina..."

"Liko wapi fungu langu?"

"Nililitumbukiza chooni."

Nje nilimsikia Sharifa anakohoa. Fungu ambalo lingeniokoa lilikuwa limefika mpaka nyumbani kwangu. Lilikuwa limefungwa kwenye karatasi, limetengwa kwa ajili yangu, na mtu mmoja tu alitakiwa aninyooshee mkono.

"Kwa nini?"

"Ningekwambia ni dawa ya nini? Ungeuliza. Wewe unauliza kila kitu. Nilifikiri labda hukupata. Nilisali usiwe umepata."

"Halafu nikaugua."

"Ukaugua."

"Ukawa unanipangusa jasho huku unajua ninachoumwa."

Alianza kujipangusa unga kwenye magoti.

"Nijibu. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua." Machozi yalikuwa yanachora mistari kwenye unga wa mashavu yake. "Nilikuwa naogopa kukupoteza."

"Ulikuwa unaogopa aibu yako. Kama ungekuwa unaogopa kunipoteza ungerudi dukani ukanunua fungu lingine. Siku tisa, Valence. Duka liko hapo barabarani. Uliona bora niungue ndani kuliko nikununie."

"Sikujua itafika huku. Nilijua utaumwa, utapona, basi. Nani aliniambia mambo ya mirija?"

"Na mama yako, nani alimwambia habari za vidonge vya majira?"

Akainamisha kichwa.

"Miaka miwili mama yako ananiambia nimeunguza kizazi kwa vidonge. Anasema nilijifanya msomi, nikachezea mwili, sasa nivune. Vile vidonge tulikaa tukakubaliana. Wewe ndiye uliyenisindikiza kliniki. Ulisema, soma kwanza, mke wangu, mtoto atakuja akukute na fani mkononi. Mimi sikumwambia mama yako. Nani alimwambia?"

"Mimi," alisema kwa sauti ambayo kama mashine ingekuwa inanguruma nisingeisikia. "Aliniuliza mbona kimya. Nikakosa la kusema."

"Ukapata la kusema. Ukanisema mimi."

Alinyanyuka akataka kunishika. Nikarudi nyuma. Jambo lililonikasirisha kuliko yote ni kwamba mwili wangu bado ulimtaka. Bado nilitaka niegemeze kichwa kwenye lile koti lake la bluu lenye harufu ya mahindi nilie mpaka niishe. Ningekuwa nimeacha kumpenda, ningesema nikaondoka.

"Jumamosi mama anakuja," nilimwambia. "Anakuja na baba mdogo kuzungumzia tumbo langu. Utawaambia wewe, kwa mdomo wako."

"Lidwina, mama hataweza kuyastahimili. Tafuta maneno mengine. Tuseme ni mapenzi ya Mungu. Tuseme daktari kakukataza kuzaa. Mimi nitakupeleka Dar, nitauza hata hii mashine, nitafanya lolote, ila usinivue nguo mbele ya baba mdogo."

"Mimi nimekaa uchi mbele ya mtaa mzima miaka miwili. Jumamosi."

Nikafungua mlango. Wanawake walikuwa wamejipanga ukutani, wote wanaangalia chini. Nilipompita Sharifa alinishika kiwiko, akakiachia.

*

Mama mkwe wangu, Mama Theodosia, alifika mapema, Ijumaa jioni, kutoka kijijini Lusewa na kuku wawili na kikapu cha mihogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiwa anaangalia juu ya bega langu, kama kawaida yake. Jumamosi asubuhi akaja baba mdogo Joachim, mdogo wa marehemu baba mkwe, mtu mrefu aliyependa kusafisha koo kabla ya kila sentensi. Kwa upande wangu alikuja shangazi Benigna. Nilikuwa nimemwomba aje bila kumweleza kwa nini.

Tulikaa sebuleni. Valence alikaa karibu na mlango. Tangu Alhamisi alikuwa amelala kwenye kochi, na hatukuwa tumesemezana zaidi ya maji ya kuoga na funguo.

Baba mdogo alisafisha koo. "Tumekutana kwa nia njema. Mke wetu hatuna ugomvi naye. Anaheshimu watu, anafanya kazi. Lakini huu ni mwaka wa nne tangu ndoa."

"Wa nne," aliitikia mama mkwe.

"Na mwanamume hawezi kuishi bila jina lake kuendelea."

"Baba Joachim," alisema shangazi Benigna, "twende kwenye maneno yenyewe. Nimeacha uwele juani."

Mama Theodosia ndiye aliyeyasema. "Kuna binti pale Lusewa. Mtoto mzuri, wazazi wake tumeshaongea nao. Ndoa ya kanisa haivunjiki, wala hatutaki ivunjike. Yule hatakaa hapa. Atazaa, mtoto akiacha ziwa ataletwa, Lidwina atamlea. Tunamsaidia. Mwenyewe aliunguza kizazi kwa vidonge vya kizungu, sasa wenzake tumtafutie njia."

"Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu awe yaya," alisema shangazi.

"Awe mama. Si ndicho anachokitaka?"

Nilimwangalia Valence. Nilikuwa nimejiahidi kumpa nafasi. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikasubiri. Baba mdogo akasafisha koo, akamuuliza, "Mwanetu, unasemaje?" Midomo yake ikachezacheza, ikafunga. Kuku wa mama mkwe walikuwa wanaparua kwenye korido. Nikasubiri tena. Katika miaka yote tuliyojuana, tangu tulipokuwa kwaya moja tukiwa vijana, sijawahi kumtamani kama nilivyomtamani pale, nikimwomba kwa macho ainue uso. Hakuinua.

Nikasimama.

"Mama, vidonge havikuniunguza. Alhamisi nilikwenda Peramiho nikapigwa picha. Mirija yangu imezibwa na ugonjwa wa zinaa. Ugonjwa huo nilipewa na mwanao aliporudi Tunduru. Yeye alijitibu. Mimi hakuniambia. Mwambieni yule binti wa Lusewa abaki kwao."

Shangazi Benigna alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga moto. Mama Theodosia hakusogea.

"Hayo ni maneno mazito," alisema baba mdogo. "Mwanamke akibanwa huweza kusema chochote. Valence, kweli haya?"

Valence alitazama mlango.

"Valence, nimekuuliza."

"Kweli," alisema. Kisha akainua uso, akaniangalia mimi, siyo wao. "Kweli yote. Na kuna jambo amenisitiri hakulisema. Dawa yake nilipewa. Muuza dawa alinipa fungu lake mkononi, nikalitupa chooni ili asijue. Alipougua nilijua anaumwa nini, nikamwacha. Na mama, habari za vidonge vya majira nilikwambia mimi ili usiniulize mengine. Tulikubaliana wawili. Yeye hana kosa hata moja."

Nilikaa. Sikuona raha niliyodhani nitaiona.

Baba mdogo alianza kusema kwamba ujana una makosa yake, kwamba mambo ya wanaume wakiwa safarini yanajulikana, kwamba binti wa Lusewa bado angeweza kuwa suluhisho kwa pande zote. Mama Theodosia aliinua kiganja kumkatiza.

"Lidwina," aliniita. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa ananiangalia machoni. "Maumivu yalikushika wapi?"

"Hapa chini, mama. Pande zote mbili."

"Yakapanda mgongoni?"

"Yakapanda."

"Na homa ya baridi, ukawa unaona watu wamesimama mlangoni na hawapo?"

"Ndiyo, mama."

Alikaa akizungusha rozari kwenye kidole. Ule uso niliouogopa ulikuwa umelegea, ukaonekana wa mwanamke mwingine, mdogo zaidi.

"Baba yake huyu alikwenda manamba Tanga, kukata mkonge," alisema. "Alirudi mwaka sitini na sita, huyu ana miaka miwili. Mwezi haukuisha nikaanguka. Nililala mpaka mahindi yakavunwa bila mimi. Mama yangu alinichemshia mizizi, nikapona. Sikuzaa tena."

"Shemeji, hayo ya zamani..." alianza baba mdogo.

"Nyamaza, Joachim. Wewe ulikuwepo. Ulikuwepo mlipokaa kama hivi tulivyokaa. Mlisema nimefunga tumbo kwa dawa za kienyeji kwa sababu nilichoka kuzaa. Nilikuwa na watoto wawili tu, na umri wangu ulikuwa wa binti. Mkamwozesha mume wangu mke wa pili. Naye akazaa mmoja tu, akakoma. Tukaishi uani pamoja miaka ishirini kila mmoja anasema mwenzake mchawi. Amekufa hatusalimiani." Sauti yake ilianza kupanda. "Sijui kama lilikuwa hilihili. Hakuna aliyenipiga picha. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza kaka yako ametoka na nini Tanga."

Baba mdogo aliangalia dari.

Mama Theodosia akamgeukia mwanawe. Nilidhani atamzaba kibao, na nadhani Valence naye alidhani hivyo, maana alifumba macho.

"Mimi ndiye niliyekuzaa," alimwambia. "Nilikulea nikiitwa mwanamke aliyejifunga tumbo. Ulisikia wakinitukana, ulikuwa na akili zako. Halafu wewe ukaenda kumfanyia mke wako vilevile, ukanipa mimi fimbo nimchape nayo. Miaka miwili nimemchapa."

"Mama, nisamehe."

"Sina cha kukusamehe mimi. Chukua nguo zako ukalale kwenye mashine."

Shangazi Benigna alikuwa ameshaanza kuvuta kitenge chake. "Huyu naondoka naye," alisema. "Lidwina, funga mizigo."

"Haondoki mtu hapa ila huyu," alisema mama mkwe. "Nyumba ni ya mkewe. Akitaka kwenda kwenu ataenda kwa miguu yake na kwa hiari yake, sitamzuia. Lakini siyo yeye wa kubeba mabegi."

Wote wakaniangalia. Nilikuwa nimepanga kuondoka. Nguo zangu nilishazikunja tangu Ijumaa. Lakini nilipofikiria mtaa wa Bombambili ukiniona natoka na begi, wakisema mgumba kafukuzwa, damu ikanichemka upya.

"Nabaki," nilisema. "Aende yeye."

*

Valence alilala kwenye mashine wiki tano. Mama Theodosia alikaa na mimi wiki mbili za mwanzo. Hakuniomba radhi kwa maneno. Aliamka kabla yangu akafagia uwanja, jambo ambalo mkwe hafanyiwi, na wanawake waliokuja kwa cherehani wakimuuliza habari za mjukuu aliwajibu, "Muulizeni mwanangu kule kwenye mashine, ndiye mwenye majibu." Habari zilienea. Kuna walionihurumia, wapo walioniona mwanamke mbaya aliyemwanika mume. Baba mdogo alituma ujumbe kwamba nimeivunjia familia heshima. Sikumjibu.

Kila siku saa saba mchana Valence alikuja kusimama kwenye baraza. Hakuingia. Alileta unga, akaniuliza nimelalaje. Wiki ya kwanza sikuinua macho kwenye cherehani. Ya pili nilimwambia aache kuja, akaja kesho yake.

Wiki ya tatu nilimuuliza, "Unataka nini?"

"Sijui kama nina haki ya kutaka kitu."

"Huna. Lakini unataka nini?"

"Nataka uniambie la kufanya. Siyo ili unisamehe. Nifanye tu."

"Daktari alisema twende wote."

"Lini?"

"Nitakwambia nikiwa tayari."

Ilinichukua wiki mbili nyingine. Kuna siku niliamka namchukia mpaka mate yanakuwa machungu. Kuna siku nilisikia mashine inanguruma kwa mbali nikajikuta nimeacha kushona, nawaza kama amekula. Sikumwambia mtu habari za siku hizo za pili.

Tulikwenda Peramiho siku ya Jumatatu. Tulikaa kwenye benchi refu la wagonjwa wa nje, mkoba wangu nimeuweka katikati yetu. Benchi lilijaa akina mama wenye watoto mgongoni. Karani wa mapokezi, dada mmoja aliyekuwa na haraka, alikuwa anapita na madaftari yake akiandika habari za kila mmoja mbele ya wote.

"Lidwina," aliita. "Umekuja kwa tatizo gani?"

"Kutopata mtoto."

"Miaka mingapi?"

"Miwili."

Akaandika. Bila kuinua kichwa akauliza, "Umewahi kutumia vidonge vya majira? Umewahi kutoa mimba?"

Akina mama wawili waligeuka kuniangalia. Nilijua ule mtazamo, niliishi nao. Nilifungua mdomo, lakini Valence aliwahi kusimama. Sauti yake ilikuwa ya besi, ile aliyokuwa akiimbia kwaya, na benchi zima lilimsikia.

"Dada, hayo maswali ni yangu. Mke wangu hana kosa. Ugonjwa niliuleta mimi kutoka safarini, nikajitibu nikamficha, ukamwathiri. Niandike mimi. Jina langu Valence."

Karani aliinua uso. Kalamu ilikuwa imesimama hewani. Mzee mmoja mwisho wa benchi alitikisa kichwa, sijui kwa kusikitika au kwa kushangaa kwamba mwanamume mzima anaweza kusema hivyo mbele ya wanawake. Mtoto akalia, mama yake akamtuliza.

"Kaa, baba," karani alisema taratibu. "Nimeandika."

Valence akakaa. Hakunigeukia kuona kama nimefurahi, na kwa hilo nilimshukuru. Hasira yangu ilikuwa bado ipo palepale, ngumu, na nilijua nitarudi nayo nyumbani, nitalala nayo na kuamka nayo siku nyingi. Nilijua pia kwamba Dar es Salaam ni mbali na matumaini ni madogo, na kwamba huenda nitaitwa Lidwina mpaka nizeeke.

Niliuchukua ule mkoba uliokuwa katikati yetu nikauweka sakafuni, karibu na miguu yangu. Sikusogea.

Yeye pia hakusogea. Tulikaa hivyo, nafasi ikiwa wazi kati yetu, tukisubiri kuitwa.